Risasi nyembamba iliyoangusha tembo

Mwanzoni mwa karne ya 20, wawindaji wengi wa tembo waliamini bunduki nzito zenye mitutu mipana. W. D. M. Bell, Mskoti aliyesaka pembe huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Mauser ya milimita 7. Risasi nyembamba kiasi hicho ilifikaje kwenye ubongo?

Tuanze na mtutu. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11.2 na urefu wa karibu milimita 31, zaidi ya mara nne ya unene wake. Risasi ndefu isiyozunguka hupinduka hewani, kwa kuwa hewa huikandamiza mbele ya kitovu cha uzito wake. Mifereji iliyojisokota ndani ya mtutu huizungusha, ikatulia kama pia. Risasi ikirefuka, msokoto nao lazima ukazwe. Mwaka 1879 Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni yake: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 150, ugawanye kwa urefu. Kwa risasi ya Bell, yenye kipenyo cha milimita 7.2, jibu ni mzunguko mmoja kwa kila milimita 250 hivi. Mtutu wa Mauser uliizungusha mara moja kila milimita 220, kwa hiyo ulikuwa na ziada. Kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde, risasi ilitoka ikizunguka zaidi ya mara 3,000 kila sekunde.

Hata hivyo, kasi hiyo ya kuzunguka hutosha hewani tu. Nyama, kama maji, ina uzito wa takriban mara 800 ya hewa, na risasi iliyochongoka ikiingia humo hupinduka upesi. Ya Bell ilikuwa na ncha butu ya mviringo, ubavu ulionyooka na ganda gumu lisilotanuka. Umbo hilo ndilo lililoilinda isiache njia yake hata ilipopenya mfupa.

Ilibaki shabaha. Bell alipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha akawa anapiga kwa karibu.

Kwa hiyo upana wa mtutu peke yake si kipimo. Mwindaji mwenye leseni anayetaka risasi nzito zaidi kwa bunduki ileile akumbuke kwamba itakuwa ndefu zaidi: aulinganishe kwanza urefu huo na msokoto wa mtutu wake.