Mbegu Zinazongojana

Choroko haina subira. Ikilowekwa usiku na kumwagwa maji alfajiri, kesho yake imekwisha kupasua ganda na kutoa mkia mweupe. Alfaalfa, yenye punje ndogo kama ulezi, hujivuta siku tano au sita hadi ifungue vijani vyake viwili. Ukizitia chupa moja, ya kwanza itazeeka ya pili ikiwa bado inaamka. Ufundi wa kuchanganya mbegu za kuchipusha unaanzia hapo: kujua zipi zinaweza kungojana.

Mchanganyiko usiomwaibisha anayeanza ni huu: vijiko vitatu vya choroko, viwili vya adesi, kimoja cha dengu na nusu kijiko cha uwatu. Zote hulowekwa usiku mmoja, na siku ya tatu zinalika. Uwatu uwe mchache, maana uchungu wake unapendeza ukiwa kwa mbali. (Dengu hapa ni ile ya Shinyanga na Mwanza. Mkenya akisema ndengu anataja choroko, na wapishi wengi wamepishana kwenye mpaka huo.)

Vifaa ni vichache. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, raba bendi na kipande cha shashi safi. Si chandarua, kwani vyandarua vingi vimetiwa dawa. Chupa hulazwa mshazari, mdomo ukielekea chini, maji yachuruzike. Mbegu husuuzwa asubuhi na jioni, na kwenye joto la Dar es Salaam hata mara tatu. Chia na kitani hazimo katika chupa hii: hutoa ute unaoziba shashi.

Kuotesha nafaka si jambo geni jikoni kwetu. Uchagani, ulezi hulowekwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa kuwa kimea cha pombe ya mbege. Songea, kimea huutia uji utamu ukawa togwa. Punje inapoota, vimeng'enya vyake huvunja wanga kuwa sukari. Wanaotengeneza kimea hawakungoja maabara iwaambie. Ila mtama uliochipua usitafunwe mbichi, kwa kuwa machipukizi yake hutoa sianidi. Maharagwe mekundu nayo yana sumu mpaka yachemshwe sawasawa.

Raha kubwa zaidi ni kuzilima mbegu za kuchipusha mwenyewe. Maganda ya choroko hayaivi kwa pamoja. Mvunaji hupita mstarini mara kadhaa, akichuma yaliyogeuka meusi kabla hayajapasuka na kumwaga punje. Figili husahauliwa kwa makusudi: isipong'olewa hurefuka, huchanua, kisha hubeba maganda yenye mbegu kali ya kuchangamsha alfaalfa. Mbegu za duka la pembejeo, zile zilizopakwa rangi ya waridi au kijani, ni za shambani tu. Rangi hiyo ni onyo la dawa.

Kabla ya kuchanganya, fundi huhesabu punje 100 za kila aina juu ya kitambaa kibichi. Zikiota 60 tu, mbegu hiyo haitiwi: zilizokufa zitaoza na kuharibu chupa nzima. Choroko ina kasoro yake pia, vijiwe visivyonywa maji hata vikilowekwa kutwa. Hivyo huokotwa kimoja kimoja kwenye sinia, au meno yatalipa.

Usafi hauna mzaha. Mwaka 2011 huko Ujerumani, machipukizi ya uwatu yalihusishwa na mlipuko wa bakteria ulioua zaidi ya watu 50. Bakteria huweza kujificha kwenye mbegu yenyewe, na unyevunyevu wa chupa huifaa sana. Kwa hiyo watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa wapikiwe machipukizi mpaka yaive. Choroko iliyochipua, ikiungwa kwa kitunguu, bizari na nazi, haina cha kulalamikiwa.

Mwenye tuta dogo nyuma ya nyumba aache figili tatu bila kuzing'oa msimu huu.