Sifa ya Njia ya Wastani

Msitu wa Karura, ndani ya jiji la Nairobi, una njia za baiskeli ambazo hazimtishi mtu. Zinateremka hadi mtoni, zinapanda upande wa pili, zinapinda katikati ya mihugu na mikaratusi. Nazipenda kwa wastani wake huo. Penye genge kali, hofu ndiyo inayokuendesha. Kwenye lami tambarare, miguu hunyonga yenyewe huku akili iko kwingine. Njia ya wastani inakudai ufundi tangu mwanzo hadi mwisho.

Ufundi huo huanzia machoni. Mwanafunzi hukodolea macho kile anachokiogopa, kisiki au jiwe, na baiskeli humpeleka pale pale. Aliyekomaa hutazama mbele, mahali anapotaka gurudumu lifike, na mikono hufuata bila kuamrishwa. Kisha kuna mizizi. Ikilowa huteleza kuliko hata matope. Mzizi unaokatiza njia uupande kwa kuukabili moja kwa moja, breki umeziachia, kwani tairi likiupanda kwa mshazari huchepuka ghafla. Nyanyuka kitini, pedali zilale sawa, viwiko na magoti yalegee, uiache baiskeli icheze chini yako.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu unapopunguza mwendo uzito wako hukimbilia mbele. Ibonyeze taratibu, kwa kidole kimoja au viwili. Wanaoiogopa hubana ya nyuma peke yake hadi tairi linaburutika na kuchimba mfereji katika udongo mwekundu. Masika yakija, maji huufuata mfereji ule ule na kuila njia. Naliona hili kuwa jambo zito: uendeshaji mbovu huujeruhi msitu.

Na msitu huu umeshajeruhiwa vya kutosha. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, una hekta zipatazo 1,000, na mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Januari 1999, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti kupinga ugawaji huo, wakashambuliwa na watu waliokodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimfikia mwaka 2004. Sioni namna ya kupita hapa kwa baiskeli bila kumshukuru mama yule.

Baada ya mto kuna mwinuko. Badilisha gia kabla hujaufikia, mnyororo ungali mwepesi. Ukingoja mpaka mapaja yalemewe, mnyororo utakwaruza na kugoma. Kaa kitini, sogea mbele kidogo, nyonga kwa mdundo mmoja.

Lakini ufundi ninaouheshimu kuliko wote ni wa kwenda polepole, maana Karura ni ya watembea kwa miguu pia. Bibi aliyemshika mjukuu mkono hawezi kurukia kichakani kwa sababu wewe una haraka. Piga kengele ukiwa bado mbali. Wasiposikia, kaa nyuma yao: breki ya nyuma ukiigusa kidogo, pedali ukiisukuma kidogo, macho mbele, bila kuweka mguu chini, mpaka wageuke na kukupisha. Kisha wasalimie.