Bwana na Mtumwa: Uhakiki wa Istilahi za Terminali Bandia katika Mifumo ya Yuniksi
Kuziita ncha mbili za terminali bandia "bwana" na "mtumwa" ni tafsiri sisisi inayopotosha. Fundi aliyeko Igawa anapoingia katika seva iliyoko Dar es Salaam, programu inayompokea hushika "bwana", nayo sheli husoma na kuandika kupitia "mtumwa". Hata hivyo, akibonyeza Ctrl na C, "bwana" hupitisha herufi tu. Kanuni za laini zilizo upande wa "mtumwa" ndizo zinazoitambua na kuipelekea programu ishara ya kukatizwa. Amri iko kwa nani, basi? Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922, na neno lenyewe halijapoa. Kiwango cha POSIX cha 2024 kimeliacha. "Msimamizi" na "tegemezi" yanafaa zaidi, ijapokuwa "tegemezi" nalo bado linaficha kazi ya kanuni hizo.