Fomu inayokataa anwani ya kweli

Bandugu, fomu moja ya kuomba bursi kwenye intaneti imekataa anwani ya barua-pepe ya mwenzetu, juu inaisha na .africa. Eti «si sahihi». Aliyeandika ile programu aliwaza mwisho wa jina hauwezi kupita herufi 4. Kumbe .museum iko tangu 2001, .africa tangu 2017! Kanuni yenyewe haina mambo mengi: kila kipande kati ya nukta kisipite alama 63, kistari kisikae mwanzo wala mwisho, kuanza na tarakimu kuliruhusiwa tangu 1989. Angepima hayo tu, kisha atume ujumbe. Ukifika, njo anwani ya kweli. Lakini fomu hiyohiyo inapokea anwani ya uongo bila shida, bora iishe na .com. Na bursi inafungwa Ijumaa.