Land Rover ya Baba Mkubwa

Kuna mtu wa Kampala anataka kununua Land Rover ya baba mkubwa hapa kwetu Kamango. Bei yake si mbaya. Anasema ataikarabati mpaka iwe kama ilivyotoka kiwandani, na hapo ndipo roho yangu inakataa.

Gari za zamani zina utamu wake, sibishi. Land Rover zilianza kuuzwa 1948, wakati chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana milango ya ile yetu ingali mizima, ila shasi, ambayo ni chuma, imeliwa na kutu na fundi ameichomelea mara sijui ngapi. Motere ni ya Toyota. Taa moja ni ya pikipiki, musicheke.

Mpenzi wa gari adimu anaona hayo yote ni makosa ya kuondolewa. Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance tangu 1970, gari zinang'aa, majaji wanazikagua moja moja. Ufundi ule nauheshimu. Lakini mapenzi hayo yanajali siku gari ilipotoka kiwandani tu. Miaka yote iliyofuata wanaihesabu kama uchafu.

Mimi napenda zaidi habari ya Joginder Singh. Yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ambayo timu ya Volvo yenyewe iliiuza baada ya kushindwa nayo mwaka uliotangulia. Waliitengeneza wenyewe ju walitaka ikimbie.

Ile yetu nayo ina rali yake. Julai 2013, Kamango iliposhambuliwa, baba mkubwa alipakia wazee na watoto mpaka juu ya paa, akaenda Nobili, akarudi, akapakia tena. Mlango wa nyuma ulikunjika siku ile, mpaka leo haujanyooshwa. Huyo mnunuzi ataanza na huo.

Nilipomwambia baba mkubwa, alicheka: "Mtoto wangu, weye unapenda mlango, mimi natafuta pesa ya masomo ya wadogo zako."

Sikuwa na jibu. Nikaomba kitu kimoja: auze gari, mlango tubaki nao. Mnunuzi amejibu kwamba mlango ule ndio wa kiwandani kabisa, bila huo bei inashuka.