Kasi au Maudhui? Uhakiki wa Hoja ya Kuharakisha Kozi za Hisabati za Maandalizi katika Vyuo vya Jamii vya Marekani

Chuo cha jamii nchini Marekani ni chuo cha miaka miwili ambacho hupokea karibu kila mwombaji aliyemaliza sekondari. Kwa kuwa mlango wake uko wazi, chuo hicho hulazimika kuamua nani yuko tayari kwa hisabati za kiwango cha chuo na nani bado. Kwa miaka mingi uamuzi huo uliachiwa mtihani mmoja mfupi wa kompyuta, aghalabu ACCUPLACER au COMPASS. Aliyepata alama za chini alirudishwa kwenye ngazi ya kozi za maandalizi: hesabu za namba na sehemu, kisha utangulizi wa aljebra, kisha aljebra ya msingi, kisha ya kati. Mwanafunzi alizilipia ada kozi hizo, lakini hazikuhesabiwa katika shahada yake.

Hoja ya kuharakisha ilizaliwa na idadi ya watu waliopotea kwenye ngazi hiyo. Utafiti wa Thomas Bailey, Dong Wook Jeong na Sung-Woo Cho, uliochapishwa mwaka 2010, ulichunguza wanafunzi zaidi ya 250,000 wa vyuo 57. Ulibaini kwamba takriban theluthi moja tu ya walioelekezwa kwenye hisabati za maandalizi ndio waliomaliza mfululizo mzima. Miongoni mwa walioanzia ngazi tatu au zaidi chini ya kiwango cha chuo, waliomaliza hawakufika mmoja kati ya watano. Jambo ambalo wengi hulipita haraka katika utafiti huo ni kwamba waliopotea kwa kutojiandikisha walikuwa wengi kuliko waliopotea kwa kufeli au kuacha kozi katikati. Mtu alifaulu kozi ya kwanza, muhula ukaisha, asirudi. Mwingine hakuanza kabisa.

Kutokana na matokeo ya namna hii, Katie Hern na Myra Snell, waalimu wa vyuo viwili vya jamii vya California walioasisi California Acceleration Project mwaka 2010, walijenga hoja ya kuzidisha. Mantiki yake inaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Wanafunzi 100 wanaanza kozi tatu za maandalizi zinazofuatwa na kozi moja ya chuo. Kila kozi inafaulisha asilimia 75 ya walioko darasani, na asilimia 80 ya waliofaulu wanajiandikisha kozi inayofuata. Hakuna kiwango hata kimoja hapo kinachoonekana kuwa cha aibu. Mkuu wa idara angeweza kukiwasilisha kikaoni bila kuinamisha kichwa. Hata hivyo, mwishoni wanabaki watu 16. Ngazi yenyewe, kwa urefu wake, inawamaliza watu hata pale ambapo kila mwalimu anafundisha vizuri. Hoja hii ni imara, na wapinzani wanaokimbilia msemo wa haraka haina baraka hawajaijibu, kwa maana hapa mwendo wa polepole ndio uliowakosesha watu baraka.

Pamoja na uimara huo, hesabu ya kuzidisha haisemi lolote kuhusu kujifunza. Inahesabu watu wanaopita mlangoni, wala haiulizi wanapita na nini mkononi. Tena inaweka kizingiti kilicho chini mno: ikiwa njia ya zamani inafikisha watu 16 kati ya 100, basi njia yoyote inayofikisha 30 itatangazwa kuwa ushindi, na wale 70 waliobaki watasomwa kama habari njema. Udhaifu mkubwa zaidi, ambao uhakiki huu unauzingatia, umo katika neno lenyewe. Neno kuharakisha limebebeshwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kubana kozi mbili ndani ya muhula mmoja, kwa maudhui yale yale na saa nyingi zaidi kwa wiki. La pili ni kuruka ngazi, yaani kumpeleka mwanafunzi moja kwa moja kwenye kozi ya chuo huku akisoma sambamba kipindi cha msaada. La tatu ni kubadili hisabati yenyewe: mwanafunzi asiyehitaji aljebra katika fani yake anasoma takwimu. Ni la kwanza pekee linalohusu kasi kwa maana yake halisi, nalo ndilo gumu kwa mtu anayefanya kazi mchana na kulea watoto jioni, ambaye hana saa nyingi za kubana.

Mkanganyiko huu unajitokeza wazi katika jaribio linalotajwa mara nyingi kuliko yote. Mwaka 2013, Alexandra Logue, Mari Watanabe-Rose na Daniel Douglas waliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi 907 wa vyuo vitatu vya jamii vya City University of New York. Kundi la kwanza lilisoma aljebra ya msingi. La pili lilisoma aljebra hiyo hiyo pamoja na warsha ya kila wiki. La tatu lilisoma takwimu za kiwango cha chuo pamoja na warsha. Waliofaulu walikuwa asilimia 39, 45 na 56 kwa mfuatano huo. Matokeo hayakuyeyuka: baada ya miaka mitatu, asilimia 25 ya kundi la takwimu walikuwa wamehitimu, ikilinganishwa na 17 ya kundi la aljebra. Ni kazi ya kuheshimiwa, na katika uwanja uliojaa ulinganisho wa makundi yaliyojichagua yenyewe, ugawaji wa bahati nasibu una uzito wake.

Lakini makundi yote matatu yalisoma kozi ya muhula mmoja. Hakuna aliyekwenda kasi kuliko mwenzake darasani. Kilichotofautiana ni somo na msaada. Hapakuwa na kundi la nne lililopelekwa kwenye aljebra ya chuo pamoja na warsha, kwa hiyo jaribio haliwezi kutenganisha faida ya kuruka ngazi na faida ya kuikwepa aljebra. Zaidi ya hayo, walioruhusiwa kushiriki ni wale ambao fani walizokusudia kusoma hazikudai aljebra ya chuo. Watafiti walilieleza hili waziwazi. Wanaowanukuu ndio waliolisahau, wakalifanya jaribio kuwa ushahidi kwa wanafunzi wote, wakiwamo wanaotaka uhandisi.

Ushahidi wa Tennessee unaelekea huko huko. Florence Ran na Yuxin Lin, katika uchambuzi wao wa mwaka 2019 kuhusu vyuo vya jamii vya jimbo hilo, waliona kwamba waliosoma kozi ya chuo sambamba na msaada walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa takriban pointi 15 za asilimia, ya kufaulu hisabati za chuo katika mwaka wa kwanza. Walipotafuta chanzo, waligundua kwamba sehemu kubwa ya faida ilitokana na kuwaelekeza wanafunzi kwenye hisabati zinazolingana na programu zao. Nao hawakuona athari ya wazi katika kubaki chuoni, kuhamia chuo kikuu au kuhitimu. New York ilionyesha matunda ya kudumu na Tennessee haikuonyesha. Mwandishi anayetaja moja na kuinyamazia nyingine anafanya utetezi, si uhakiki.

Kuna sehemu moja ya hoja ambayo haihitaji masharti yoyote, nayo ni kuhusu mtihani wa upangaji. Judith Scott-Clayton alionyesha mwaka 2012 kwamba takriban robo ya waliofanya mtihani huo wa hisabati walipangwa vibaya sana, na kwamba rekodi za sekondari zingepunguza makosa. Mtu aliyerudishwa kwenye sehemu kimakosa hakuhitaji kuharakishwa, alihitaji kutocheleweshwa. COMPASS iliondolewa sokoni mwaka 2016, na hakuna haja ya kuililia.

Gharama ya kuyachanganya mambo haya matatu inaonekana California. Sheria ya AB 705 ya mwaka 2017 ilivikataza vyuo kumweka mwanafunzi katika kozi za maandalizi isipokuwa pale inapoelekea sana kwamba hatafaulu kozi ya chuo. Sheria ya AB 1705 ya mwaka 2022 ilikwenda mbele zaidi, na utekelezaji wake umewasukuma wanafunzi wa sayansi na uhandisi kuelekea kuanza na kalkulasi. Hapa hoja iliyothibitishwa kwa takwimu inahamishiwa mahali ambapo sharti lake halipo. Mwanafunzi wa takwimu anaweza kusoma mchoro wa nukta, kukadiria wastani na kueleza kiwango cha makosa bila kutafuta vigawo vya mlinganyo wa kipeo cha pili. Mwanafunzi wa kalkulasi hawezi. Akiulizwa kikomo cha (x² − 9) ÷ (x − 3) pale x inapokaribia 3, wazo la kikomo ni jepesi kulielewa. Kinachomfungia njia ni kutojua kwamba x² − 9 ni sawa na (x − 3)(x + 3). Aljebra hapo si ngazi ya kurukwa, bali ndiyo lugha ambayo kila mstari umeandikwa.

Hili halimaanishi kwamba mwanafunzi huyo arudishwe mihula mitatu nyuma. Hesabu ya kuzidisha itammaliza. Linamaanisha kwamba kwake yeye kila kitu kinategemea kipindi cha msaada, na ndicho ambacho maandishi ya uharakishaji yamekieleza kwa uchache zaidi: nani anakifundisha, kwa saa ngapi, kwa maswali gani. Miaka ya 1970, Uri Treisman alianzisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, warsha za kalkulasi ambamo wanafunzi, wengi wao Wamarekani Weusi, walifanya pamoja maswali magumu kuliko ya darasani. Hawakupewa marudio ya sekondari. Treisman huyo huyo baadaye aliongoza kituo cha Texas kilichobuni njia tofauti za hisabati kwa vyuo vya jamii. Katika ratiba nyingi za leo, kipindi cha msaada kimeandikwa idadi ya saa tu, na safu ya maudhui imeachwa wazi ili kila mwalimu aijaze mwenyewe.