Khanga Begani: Jinsi Mavazi ya Kila Siku Yanavyoungana Lushoto

Siku ya gulio Lushoto, Soni au Mlalo, ufundi mkubwa wa mavazi hupita barabarani bila kusemewa neno. Sweta la kijani, sketi ya kahawia yenye miraba, kola ya waridi inayochungulia shingoni, yeboyebo za bluu miguuni. Ukizianika nguo hizo kwenye kamba hutadhani ni za mtu mmoja, sembuse za siku moja. Hata hivyo aliyezivaa ametulia ndani yake, na hakuna atakayesema amejirundikia nguo. Kinachozipatanisha ni khanga au mtandio uliopita begani, na hoja yangu ni kwamba upatanisho huo una kanuni inayoweza kuelezwa. Watu husema fulani ana jicho la mavazi, wakaishia hapo, kana kwamba jicho halikufunzwa. Mimi naona hivi: kitambaa huunganisha mavazi pale kinapokaa juu ya mpaka wa nguo mbili na kubeba angalau rangi moja ya kila upande wa mpaka huo. Kikikaa mahali pake bila rangi hizo, au kikawa na rangi hizo kikakaa kwingine, kinakuwa nguo ya tano juu ya nne zisizoelewana.

Nguo hizo haziachani kwa bahati mbaya. Tangu serikali ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, mitumba imewavika Watanzania wengi, nayo huja kipande kimoja kimoja: koti lililoachana na suruali yake, sweta lililofumwa kwa baridi ya nchi nyingine. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru na kusimama hapo. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya soko lake chini ya mpango wa AGOA, Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma. Mitumba ikabaki, na pamoja nayo ikabaki kazi ya kuvisikilizanisha vipande visivyojuana. Katika milima ya Usambara, ilipo Lushoto, kazi hiyo huwa kubwa zaidi kwa sababu ya baridi. Mombo, chini kwenye tambarare, iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kama mita 1,400, na ukipanda kuelekea Magamba na Shume unavuka mita 2,000. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za mwinuko, maana yake ni kwamba barabara ya kona isiyofika kilomita 40 hutenganisha hali mbili za hewa zinazopishana kwa nyuzi 6 hivi, mbali na ukungu wa Juni hadi Agosti. Tanga mjini mtu huvaa dera moja akamaliza. Usambara huvaa blauzi, sweta, sketi na pengine koti, na kila tabaka linaloongezeka linaongeza mpaka mwingine wa kushughulikiwa.

Khanga ilizaliwa kutokana na kuunganisha. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mkononi zilizochapwa, zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora, wakazishona pamoja hadi zikawa vazi la kujifunga. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza kitambaa kilichochapwa kipande kizima. Mmoja wao, Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, jina la duka lake bado linasomwa kwenye khanga hadi leo. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi wanawake wa Zanzibar waliotoka utumwani, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, walivyoacha kaniki na merikani na kuvaa khanga ili waonekane ni watu huru. Kwa uchambuzi wetu jambo muhimu ni doti: vipande viwili vya muundo ule ule, kimoja kiunoni, kingine begani au kichwani. Mavazi ya pwani yalijiunganisha kwa kurudia. Blauzi ya katikati ingeweza kuwa ya rangi yoyote, kwa sababu kilichokuwa juu yake na kilichokuwa chini yake vilikuwa kitu kimoja. Hiyo ni njia safi, lakini inadai vipande vyote viwili viwe mwilini kwa wakati mmoja, na maisha ya mlimani hayaruhusu hivyo mara nyingi. Kipande kimoja kimekuwa mbeleko, kingine kimekunjwa kuwa kata ya kubebea karoti kichwani, au kimechakaa shambani mapema kuliko mwenzake. Doti ikishavunjika, khanga iliyobaki lazima iunganishe peke yake.

Inawezaje? Tuiangalie kwa karibu. Khanga ina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha sentimita 110, pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani msemo wake, juu ya pindo la chini. Ikunje katikati kwa urefu, uiweke mabegani mkunjo ukiwa shingoni. Sasa una kitambaa kinachoshuka sentimita 55 hivi mgongoni, na kwa mwanamke wa kimo cha kawaida hapo ni nyongani, karibu kabisa na pale sweta linapoishia na sketi inapoanzia. Pindo la chini linaufunika mpaka huo kwa mstari mmoja ulionyooka. Mbele, mapindo mawili ya pembeni yanashuka sambamba, moja kila upande wa vifungo vya sweta, na ile kingo ya sufi iliyolegea kwa kufuliwa sana haionekani tena. Kwa hiyo mpaka mbaya kuliko yote umefichwa na mpaka mzuri. Mwenye kuikunja hafikirii sentimita, lakini mkunjo huo umedumu kwa sababu kipimo cha khanga na kipimo cha mwili vinakutana hapo. Ikunje kwa mshazari uone tofauti: khanga si mraba, kona hazilingani, ncha moja inaning'inia chini ya nyingine, na pindo linakata mgongo kwa mstari unaopanda na kushuka bila kufunika chochote. Mkunjo wa mshazari ni mzuri kwa kilemba, ambako ncha ndefu ina kazi ya kuzunguka kichwa.

Rangi nazo zina sababu ya kiwandani. Katika uchapaji wa skrini kila rangi inahitaji skrini yake, hivyo kila rangi inayoongezwa ni gharama. Khanga nyingi zilizotoka Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na nyingi zinazotoka India leo, zina rangi chache tu, zilizokolea na kutengana waziwazi. Uchache huo ndio nguvu yake. Khanga yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe inampa mvaaji rangi tatu zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mbili zikikutana na sweta na sketi, jicho la mtazamaji linamalizia lenyewe. Kitenge chenye rangi nane zilizochanganyika hakitoi nafasi hiyo kirahisi, kwa sababu hakuna hata moja inayopata eneo la kutosha kusikika. Tena pindo mara nyingi ni zito kuliko mji. Ndiyo maana ninashauri khanga ya kuvaliwa na sweta ichaguliwe kwa pindo lake kwanza, kwa kuwa pindo ndilo linaloigusa sketi.

Kuna atakayesema nimejenga ghorofa juu ya jambo dogo: watu wa Lushoto wanasikia baridi, wanajifunika, basi. Pingamizi hili lina ukweli wa maana. Sweta lililofumwa lina matundu. Hutunza joto hewa ikiwa imetulia, lakini upepo wa mlimani ukivuma hupenya moja kwa moja. Khanga ni pamba iliyofumwa kwa kubana, nyembamba lakini inauzuia upepo kwa kiasi, kwa hiyo khanga juu ya sweta huleta joto zaidi kuliko unene wake unavyoonyesha. Nakubali basi kwamba baridi ndiyo iliyoipeleka khanga begani. Lakini baridi haichagui. Khanga zote sokoni zina unene unaokaribiana. Baridi haiwezi kueleza kwa nini mwanamke mwenye khanga tano anaacha nne na kuchukua moja. Anaposimama mlangoni na kubadilisha ya manjano kwa ya zambarau, joto la mwili wake halijaongezeka hata kidogo. Hapo ndipo ufundi unapoanzia, na kuuita kujifunika tu ni kuwanyima wenye nao haki yao.

Pingamizi la pili hutoka kwa mafundi cherehani na wapenzi wa sare: njia sahihi ya kuunganisha, wanasema, ni kukata gauni na kilemba kutoka kitambaa kimoja. Kwa harusi na ubatizo sina ubishi. Kwa siku ya kawaida njia hiyo huvunjika haraka. Kilemba cha kitenge kilichotoka kwenye gauni lake hupatana na gauni hilo peke yake. Baridi ikishuka na sweta likavaliwa juu, sweta linakuwa mgeni katikati ya ndugu wawili, na kadiri gauni na kilemba vinavyofanana ndivyo ugeni wake unavyojitokeza. Mavazi yaliyolingana kabisa hayana mahali pa kupokea kipande kipya, ilhali nguo za kila siku Usambara lazima zipokee na kuachia vipande mara kadhaa kati ya alfajiri na jioni. Anayeshuka na basi kwenda Korogwe atavua sweta Mombo. Khanga itahama kutoka begani kwenda kiunoni, juu ya mpaka wa blauzi na sketi, na ikiwa ilichaguliwa vizuri itafanya kule kazi ile ile iliyoifanya juu. Hiki ndicho kipimo kigumu ninachokitumia: kitambaa kinachoweza kuhama bila mavazi kuvunjika kimeunganisha kweli.

Wengine wanaogopa maua juu ya maua. Khanga juu ya sketi ya kitenge, wanasema, ni fujo. Huwa fujo pale maumbo mawili yanapolingana ukubwa, kwa sababu jicho halijui litangulie wapi. Khanga yenye korosho kubwa nne kwenye kona haina ugomvi na kitenge cha vidoto vidogo, ilimradi vishiriki rangi moja. Kitenge chenye duara za ukubwa wa sahani kinataka khanga ya vidoto. Kuhusu jina, ambalo wengine huona litavuta macho au kusema lisilokusudiwa, mkunjo ule ule unatoa jibu. Khanga ikishakunjwa ina nusu mbili, na mvaaji ndiye anayeamua nusu yenye jina itoke nje ikae nyongani au iingie ndani isisomwe na mtu.

Mtandio ni habari nyingine kidogo. Usambara ina misikiti na makanisa ya Kilutheri katika vijiji vile vile, na kichwa hufunikwa kwa sababu zinazopishana. Atakayesema mtandio ni suala la dini na uchambuzi wa mavazi haupaswi kuugusa anachanganya mambo mawili. Dini inasema kipi kifunikwe; haisemi mtandio wa Muislamu anayekwenda sokoni uwe wa bluu au wa kutu. Katika kuchagua rangi, mwenye ushungi na mwenye kilemba wanafanya hesabu moja, ila mtandio unakaa kwenye mpaka wa uso na shingo, kwa hiyo rangi inayostahili kusikilizwa hapo ni ya kola, kisha ya sweta. Sketi iko mbali mno kusaidiwa. Tofauti kubwa iko kwenye kitambaa chenyewe. Sifoni huteleza juu ya sufi, na mwenye mzigo kichwani au mtoto mgongoni hana mkono wa ziada wa kuirudisha kila hatua kumi. Pini huishika, lakini pini ikivutwa hufyatua nyuzi za sweta na kuacha tundu. Mtandio wa pamba, au khanga iliyofuliwa mara kadhaa mpaka wanga wa kiwandani ukaisha, hushika sufi bila pini. Khanga mpya iliyokakamaa hukaa mbali na mwili, na pindo lake halianguki pale nilipoeleza, kwa hiyo ifuliwe kwanza.

Vijana wenye makoti ya kofia na jinzi wameacha kuvaa khanga begani, na madereva wa bodaboda hufunga skafu ya sufi shingoni, ndani ya koti, ambako haiunganishi kitu zaidi ya kuzuia upepo. Siwalaumu, koti lenye zipu halina kingo ya kuficha. Lakini koti hilo likifunguliwa mchana juu ya fulana isiyolingana nalo, tatizo la vipande visivyojuana limerudi, na skafu ndefu iliyoachwa ining'inie pande zote mbili za zipu ingefanya kazi ya mapindo mawili ya pembeni bila gharama.

Wauzaji huiweka khanga imekunjwa mji na jina vikiwa juu, kwa kuwa ndivyo vinavyouza. Mnunuzi avae sweta lake siku hiyo, aombe khanga ifunguliwe mpaka kona, pale mapindo mawili yanapokutana na mji, aiweke kona hiyo kwenye mkono wa sweta kisha kwenye sketi, nje kwenye mwanga, maana chini ya turubai la bluu rangi zote hudanganya.